Daiodi ya TVS inakuungulia kila ukiifunga? Mwongozo kamili wa kukinga saketi ya volti 12

Ndani ya wiki moja nimeletewa bodi tatu kibandani kwangu hapa Chake Chake. Zote ni za kuendesha pampu ya tangi la juu ya paa, zote zimefungwa daiodi ya TVS, yaani daiodi ya kinga inayobana volti zinazoruka ghafla, na zote zimekufa. Ya kwanza daiodi imepasuka vipande viwili. Ya pili daiodi ni nzima kama imetoka dukani jana, lakini chipu ya pembeni yake imetoboka. Ya tatu ilifungwa kinyume, na fundi wake alipochoka kununua fyuzi akapitisha waya wa shaba mahali pa fyuzi. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonikalisha kitako kuandika.

Daiodi si mbovu. Makosa ni yale yale kila mara: namba isiyo yake, miguu mirefu, fyuzi hakuna. Nitakwenda na mfano wa bodi ya pampu mwanzo hadi mwisho. Ukiushika, ruta, kamera ya mlangoni na taa za sola ni kazi ile ile.

## Vitu vya kuweka mezani

- Daiodi ya TVS P6KE18A, mbili: moja ya kufunga, moja ya akiba. Ukiwa unalehemu vipande vidogo vya kukaa juu ya bodi, chukua SMBJ15A.
- Daiodi P6KE12A, moja kwa kila waya wa sensa unaotoka nje.
- Varista 14D471K, mbili. Hiki ni kipande cha kubana volti zinazoruka kwenye umeme wa 230.
- Daiodi 1N4007, moja.
- Fyuzi ya miliampea 500 na kishikio chake, kwa upande wa volti 12. Fyuzi ya ampea 1 kwa upande wa volti 230 unaolisha adapta.
- Resista ya kiloomu 10 moja na za kiloomu 4.7 mbili.
- Mita ya dijitali, na betri tatu mpya za volti 9, zile za mraba.
- Pasi ya kulehemu, risasi, spiriti ya kusafishia, na vanishi isiyo na rangi.

Hapa Pemba daiodi za P6KE hazipatikani kila duka. Wengi tunaagiza Kariakoo na mzigo unashuka na boti Mkoani, kwa hiyo agiza kumi kabisa, si moja. Kung'oa kwenye bodi kuukuu nako kunafaa, mradi hutaruka hatua ya 3.

## Daiodi hii inameza nini, na nini itaishinda

Kishindo ni volti inayoruka juu ghafla na kushuka ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde. Radi imepiga karibu na nguzo, pampu imezimwa, au umeme umerudi na mafriji ya mtaa mzima yameamka pamoja. Daiodi ya TVS imekaa kando ya saketi, kimya. Volti ikipita kiwango chake inafunguka na kuishusha ile nguvu kwenye hasi, kishindo kikipita inajifunga tena.

P6KE inameza wati 600, lakini kwa milisekunde 1 hivi tu. Ukitaka ibebe mzigo mfululizo, uwezo wake ni wati 5, tena miguu ikiwa imepoa. Shika tofauti hiyo, maana ndiyo inayowaangusha watu wengi. Nyutro ikikatika nguzoni, nyumba inaweza kupokea volti zinazokaribia 400 badala ya 230, na zikakaa hivyo saa nzima. Hapo hakuna daiodi wala varista itakayovumilia. Unahitaji kifaa cha kukata umeme kinachopima volti, kile watu wanachofungia friji. Kifunge hicho kwanza, halafu ndiyo urudi hapa.

Na radi ikipiga nyumba yenyewe, yakhe, usinitafute. Masika na vuli, wingu likifunga, chomoa.

## Hatua ya 1: Pima volti yako ya kweli

Usisome maandishi ya kwenye adapta. Chomeka adapta bila ya kuiunganisha na bodi, weka mita kwenye volti za DC, pima.

Adapta za kisasa nyepesi zitakupa 12 na kidogo. Zile nzito za zamani, zenye transfoma ndani, zimeandikwa 12 lakini bila mzigo zinatoa hata 16 au 17. Kama unalisha bodi kwa betri ya sola, pima mchana jua likiwa kali: betri inayochajiwa hufika 14.4.

Andika namba kubwa kabisa uliyoiona. Hiyo ndiyo volti yako ya kawaida, si 12.

Tahadhari kwa wa sola: daiodi utakayochagua hapa ni ya upande wa betri. Paneli ya kuchajia betri ya volti 12 ikiwa haina mzigo hutoa volti 21 au 22. Ukiifunga P6KE18A kwenye paneli, itakuwa inabanwa kutwa nzima hadi iungue.

## Hatua ya 2: Soma namba kabla ya kununua

Hapa ndipo bodi ya kwanza ilipofia. Fundi alitaka daiodi ya volti 12, dukani akapewa P6KE12A, akaona sawa sawa. Si sawa hata kidogo.

Kila daiodi ya TVS ina volti tatu. Volti ya kusubiri ni ile ambayo chini yake daiodi imelala. Volti ya kufunguka ni pale inapoanza kupitisha umeme. Volti ya kubana ni kiwango ambacho saketi yako itakiona kishindo kikiwa kikubwa kabisa.

Mtego ni kwamba namba iliyoandikwa mgongoni haina maana moja kwa daiodi zote. Kwa P6KE na 1.5KE, namba ni volti ya kufunguka. Kwa SMAJ, SMBJ na SMCJ, namba ni volti ya kusubiri. P6KE12A inafunguka kati ya 11.4 na 12.6, yaani adapta ya volti 12 ikiwashwa tu, daiodi iko kazini na haitapumzika tena.

Kuchagua kuna masharti mawili. Volti ya kusubiri iwe juu ya ile namba uliyoiandika hatua ya 1. Volti ya kubana iwe chini ya kile ambacho kipande cha kwanza cha bodi kinaweza kuvumilia.

P6KE18A inasubiri hadi 15.3, inafunguka kati ya 17.1 na 18.9, na inabana kwenye 25 na nukta kidogo. SMBJ15A haiko mbali: 15, kisha 16.7 hadi 18.5, kisha 24.4. Regulata ya 7805, kipande kinachoshusha volti hadi 5, inavumilia 35 kwenye mlango wake, kwa hiyo 25 haiitishi. LM2596, nayo ya kushusha volti, ndiyo kabisa, inavumilia 40.

Lakini igeuze bodi uangalie. Ukiona regulata ndogo imeandikwa AMS1117 na volti 12 zinaingia hapo moja kwa moja, simama. Kipande hicho kikomo chake ni 15. Daiodi itabana kwenye 25 kama ilivyoahidi, na AMS1117 itakuwa imeshakufa. Weka kwanza moduli ya LM2596 ya kushusha volti, kisha AMS1117 ipate 5 zake. Bodi nyingi za bei rahisi zina tatizo hili na hakuna daiodi ya kulitibu.

Adapta yako ni nzito na inatoa 17? Ibadilishe, au nenda P6KE22A: inasubiri hadi 18.8, inabana kwenye 30.6.

Herufi za mwisho nazo zina maana. A peke yake ni daiodi ya upande mmoja, yenye mstari uliochorwa mwisho mmoja wa mwili wake. CA ni ya pande mbili, haina mstari. Kwenye volti 12 za DC tumia ya upande mmoja. Sababu nitaitaja hatua ya 4.

## Hatua ya 3: Ijaribu kwa betri tatu

Daiodi za kughushi zipo, na zilizoandikwa namba isiyo yake zipo zaidi. Huhitaji mashine ya maabara.

Unga betri tatu za volti 9 kwa mfuatano, upate 27 au 28. Kutoka chanya pitisha resista ya kiloomu 4.7, kisha daiodi, kisha hasi. Mstari wa daiodi uelekee chanya. Resista usiisahau: bila hiyo unaichoma daiodi kabla ya kuijua. Sasa pima volti kwenye miguu miwili ya daiodi.

P6KE18A nzima itakuonyesha namba kati ya 17 na 19. Igeuze, utaona 0.6 au 0.7. Hapo una daiodi ya kweli.

Ukiona 27 zote zimebaki, imekatika ndani au ni ya volti kubwa zaidi. Ukiona sifuri, ina shoti. Ukiona 12, umeuziwa namba ya uongo. Irudishe dukani na betri zako mkononi, umwonyeshe muuzaji mbele ya watu.

## Hatua ya 4: Fyuzi kwanza, daiodi baadaye

Mpangilio ni huu, na haugeuzwi: chanya ya adapta, kisha fyuzi, kisha daiodi kwenda hasi, kisha bodi.

TVS inapozidiwa mara nyingi hufa kwa kufunga shoti. Hilo ni jambo jema, kwa sababu shoti inapasua fyuzi na bodi inabaki salama. Fyuzi ikiwa nyuma ya daiodi, shoti inabaki mbele yake na hakuna cha kuikata. Ikiwa chanzo ni betri ya gari au ya sola, itamwaga mamia ya ampea kwenye waya mwembamba. Waya unawaka, plastiki inawaka, na sanduku lako liko ukutani karibu na dari ya mbao. Ule waya wa shaba wa bodi ya tatu ulifikia kunyausha plastiki ya sanduku. Mwenye nyumba, mama wa Machomane, aliniletea likiwa limefungwa kwenye kanga, akaniuliza: "Fundi, hii ndiyo kinga mnayotuuzia?" Sikuwa na jibu.

Bodi ya pampu yenye rilei moja (swichi inayovutwa na koili) hula kama miliampea 200 au 300, ndiyo maana nimesema fyuzi ya 500. Ukiweka ya ampea 5, umeweka pambo.

Mstari wa daiodi uelekee chanya. Na hii ndiyo sababu ya kuchagua ya upande mmoja: siku mtu akigeuza waya za betri, daiodi itapitisha kwa volti 0.7 tu, fyuzi itakatika, bodi haitajua kitu.

Ukitumia adapta ndogo, usishangae daiodi ikifa na fyuzi isikatike. Adapta inajizima na kujiwasha yenyewe, taa yake inapepesa. Ni dalili ile ile.

## Hatua ya 5: Miguu mifupi, mifupi kweli

Bodi ya pili, iliyokuwa na daiodi nzima na chipu iliyotoboka, ilikuwa na kosa moja tu. Daiodi ilining'inia kwenye waya mbili za urefu wa kiganja, pembeni ya sanduku, kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi.

Waya ulionyooka una ukaidi wake: hautaki mkondo ubadilike ghafla. Sentimita 10 za waya zina kama nanohenri 100. Kishindo cha ampea 10 kinachopanda ndani ya nanosekunde 10 kitajenga volti 100 kwenye waya huo peke yake. Volti hizo zinajumlishwa juu ya 25 za daiodi, na bodi inazipokea zote.

Kwa hiyo kata miguu ibaki milimita 5 au chini. Lehemu daiodi pale pale waya za umeme zinapoingilia bodi. Umeme upite kwenye miguu ya daiodi kwanza, ndiyo uendelee kwenye kapasita na regulata. Usitoe tawi la kwenda kwa daiodi. Njia kuu yenyewe ipite hapo.

Ukimaliza, futa mabaki ya lehemu kwa spiriti na upake vanishi. Hewa yetu ina chumvi, na kiungo kilicholehemiwa vibaya kinaota kijani ndani ya miezi michache. Kiungo cha kijani hakipitishi kishindo.

## Hatua ya 6: Waya wa sensa unaopanda juu ya paa

Watu wanakinga mlango wa umeme na kuacha dirisha wazi. Waya wa mita 20 unaopanda hadi kwenye swichi ya boya ndani ya tangi ni kama antena. Radi ikipiga mnazi wa jirani, waya huo unaokota volti za kutosha kuua chipu bila hata ya kugusa adapta.

Sensa inatumia volti 5, na kila mtu anakimbilia P6KE6.8A. Nami nilifanya hivyo mwanzo, na pampu ikagoma kuwaka. Sababu ni kwamba daiodi za volti ndogo zinavuja. P6KE6.8A inaweza kuvuja hadi miliampea 1 ikikaribia volti yake ya kusubiri, 5.8. Sensa inapata volti zake kupitia resista ya kiloomu 10. Miliampea 0.3 tu zikivuja, volti 3 zimekwenda. Bodi inadhani boya limefunga, tangi limejaa, na juu hakuna maji hata ya kutawadhia.

Fanya hivi. Tumia P6KE12A, ambayo hapa namba yake inafaa. Inasubiri hadi 10.2, uvujaji wake ni maikroampea 5, inabana kwenye 16.7. Mstari uelekee waya wa sensa, mguu wa pili uende hasi, mahali waya unapoingilia bodi. Resista ya kiloomu 10 inayotoka volti 5 ifunge upande huo huo wa daiodi. Kisha kati ya daiodi na mguu wa chipu weka resista ya kiloomu 4.7.

Utaniuliza, volti 16.7 si zitaua chipu ya volti 5? Zingeiua kama zingeingia moja kwa moja. Resista ya 4.7 inaruhusu miliampea 2 na kidogo tu zipite, na kwa muda mfupi namna hiyo chipu inazimudu. Daiodi inashusha mlima, resista inamaliza kilima kilichobaki.

Umefaulu ikiwa boya likiwa chini mguu wa chipu unaonyesha volti 5 au karibu sana, na likiwa juu unaonyesha sifuri.

## Hatua ya 7: Vishindo vya nyumbani kwako mwenyewe

Si kila kishindo kinatoka mbinguni. Koili ya rilei ikizimwa inarusha volti nyingi kinyume. Funga 1N4007 kwenye koili, mstari kwa chanya. Kama rilei yako inaendesha kontakta ya pampu, yaani rilei kubwa ya kuwashia mota, funga varista moja ya 14D471K kati ya A1 na A2, miguu miwili ya koili ya kontakta, ikiwa koili yake ni ya 230. Bodi inayojiwasha upya kila pampu inapozima mara nyingi hupona hapo.

## Hatua ya 8: Varista kwenye volti 230

Zima meni swichi, si swichi ya ukutani. Pima kwa mita uhakikishe hakuna umeme. Kama hujawahi kufanya kazi ya 230, mwite fundi umeme. Hapa kosa moja linaua.

Daiodi ya wati 600 ni ndogo mno kupokea pigo la kwanza la laini. Varista ya pili ndiyo kazi yake. Laini iingie fyuzi ya ampea 1, baada ya fyuzi varista ifungwe kati ya laini na nyutro, kisha adapta. 14D471K inakaa salama hadi volti 300 za AC na inaanza kufunguka kwenye 470 hivi. Kitakachopenya kitadhoofishwa na adapta, na P6KE18A itamalizia.

Varista inazeeka kwa kila pigo na mwisho wake inaweza kuwaka. Iweke kwenye sanduku lisiloshika moto, mbali na plastiki. Fyuzi hii ni ya adapta tu. Pampu ina breka yake.

Waya wa ardhi ni somo jengine, ila neno moja: waliojenga kwenye maweni na uwanda, kama kwingi Micheweni, fimbo ya shaba inagonga jiwe kabla haijazama, na jiwe kavu halipitishi kitu. Mwambie fundi umeme apime, asikisie. Na bomba la maji la plastiki si ardhi.

## Hatua ya 9: Kuwasha, na kukagua baada ya mvua

Washa volti 12 kabla ya kufunga pampu. Subiri dakika kumi, kisha gusa daiodi kwa kidole, ile ya upande wa volti 12 tu. Iwe baridi kabisa. Vuguvugu lolote lina maana volti yako inafika kwenye kufunguka: rudi hatua ya 1 na mita mkononi. Halafu washa na kuzima pampu mara ishirini. Bodi isijiwashe upya hata mara moja.

Baada ya kila radi ya karibu, fungua sanduku. Varista yenye weusi au iliyopasuka, itoe. Fyuzi ikiwa imekatika, usikimbilie kuweka nyengine. Chomoa umeme, nyanyua mguu mmoja wa daiodi, weka mita kwenye alama ya daiodi na upime pande zote mbili. Upande mmoja 0.5 hadi 0.7 na wa pili hakuna kitu, ni nzima, tafuta shoti kwenye bodi. Karibu na sifuri pande zote, imekufa kazini: lehemu ile ya akiba, weka fyuzi ya 500 mpya, na uende juu kuangalia kama boya halijakwama.